Kotmiri ya Uwani: Mwongozo Kamili kwa Wale Ambao Kila Wakipanda Inawashinda

Malalamiko ni yale yale, Unguja na Pemba. Mbegu zimemwagwa kwenye ndoo, zimeota chache, zimelala chini na kufa. Au zimeota vizuri kabisa, lakini kabla hujakata hata fungu moja la kutia kwenye kachumbari, shina limepanda juu, majani yamekuwa membamba na ua jeupe limeshatokea. Mwenye ndoo anasema hana mkono wa kupanda, anarudi soko la Darajani kununua.

Mkono haumo katika habari hii. Kotmiri ni mmea wa ubaridi wa wastani, una mzizi mmoja mrefu usiopenda kuguswa, na maisha yake ni mafupi hata ukiutunza vipi. Sisi tuna joto, tuna ardhi ya mawe ya matumbawe sehemu nyingi, tuna visima vyenye chumvi. Karibu kila kushindwa kunatoka hapo. Chumvi na udongo vina dawa. Joto la kaskazi halina, unalizunguka tu, na nitaeleza namna ya kulizunguka.

## Vitu vya kutayarisha kabla ya kugusa mbegu

- Chombo chenye kina cha sentimita 25 au zaidi: ndoo ya lita 20 iliyovuja, dumu lililokatwa, au polo la mchele la kilo 25
- Udongo mwekundu wa kinongo, au udongo mweusi wa chini ya miti
- Mboji, au samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza kabisa
- Usumba, yaani nyuzi za kumbi la nazi, au makumbi yaliyochambuliwa
- Mbegu za kotmiri ambazo hazijakaangwa
- Makuti mawili matatu ya kivuli
- Kipande cha wavu chakavu wa kuvulia samaki
- Kopo lililotobolewa matundu madogo, la kumwagilia
- Maji yasiyo na chumvi

Hakuna kitu cha gharama hapo. Wavu usiudharau: ukiwa na kuku uwani na huna wavu, bora usianze.

## Kalenda kwanza, mbegu baadaye

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu hupanda siku waliyopata mbegu. Panda kwa msimu.

Wakati mzuri kuliko wote ni kuanzia mwisho wa Mei, masika yakipungua, mpaka Agosti. Kipupwe kinapoingia usiku huwa na ubaridi, mchana joto halizidi sana nyuzi 28 au 29, na mvua ndogo za mchoo hukusaidia kumwagilia. Kotmiri iliyopandwa Juni inaweza kukupa majani mara tatu au nne kabla ya kutoa maua.

Vuli, Oktoba mpaka Disemba, inawezekana ukiwa na kivuli cha mchana. Masika yenyewe, hasa Aprili, ni ya hatari kwa mbegu: mvua kubwa huzifukua, na miche huoza shina. Ukitaka kupanda wakati huo, weka vyombo chini ya kipaa, lakini si kwenye mchirizi wa bati.

Kaskazi, Disemba mpaka Machi, usitegemee kotmiri ya kukata na kuota tena. Joto likipita nyuzi 30 siku baada ya siku, mmea hukimbilia kutoa mbegu. Haufi, umeharakisha maisha yake tu. Kwa miezi hiyo kuna njia nyingine, ipo mbele.

## Hatua ya 1: Jaribu mbegu kabla ya kuziamini

Mbegu za kotmiri ni zile zile giligilani zinazouzwa kwa viungo, na za dukani zinaota, kwa masharti mawili: ziwe hazijakaangwa na ziwe hazijakaa sana. Chagua punje za mviringo, nzima, zenye rangi ya kahawia hafifu na harufu kali. Zikiwa za vumbi na hazinukii, zipeleke jikoni.

Chukua punje 10, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, weka ndani ya kopo mahali pa kivuli. Usikiache kitambaa kikauke. Baada ya siku 7 mpaka 10 fungua. Zikichipua 7 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiwa 5, panda kwa wingi maradufu. Chini ya hapo, tafuta nyingine, kwa sababu utaulaumu udongo bure.

Ukinunua za pakiti kwenye duka la pembejeo, ulizia aina inayochelewa kutoa maua. Angalia pia rangi: mbegu zilizopakwa dawa huwa za waridi, buluu au kijani kikali. Hizo ni za kupanda tu, zisije zikachanganywa na za mchuzi.

## Hatua ya 2: Chombo chenye kina

Ndoo fupi na mabeseni huua kotmiri polepole. Mzizi wake unashuka moja kwa moja, na ukifika chini ukakuta plastiki ya moto, mmea unajiona uko hatarini na kutoa maua mapema.

Polo la mchele ndilo chombo ninachokipendelea. Linapumua na halipati moto kama plastiki ngumu. Likunje mdomo mara mbili tatu mpaka libaki na kimo cha sentimita 30, ulijaze. Ndoo na madumu yatobolewe matundu sita mpaka manane chini kwa msumari uliopashwa moto. Tundu moja la katikati halitoshi, linaziba.

Pandisha chombo juu ya matofali mawili. Sakafu ya saruji ikipigwa na jua huchemsha mizizi, na matundu yakikaa juu ya sakafu hayatoi maji. Usiweke kisahani chini, maana maji yaliyotuama humo ni mazalio ya mbu.

Kwa wanaokaa Mji Mkongwe: ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa hupita kilo 20. Kumi zikipangwa juu ya dari la zamani la boriti na chokaa ni mzigo wa kweli, na maji yanayochuruzika kila siku yanakula lipu. Tumia ukingo wa ukuta wa chini au uwa, si katikati ya dari.

## Hatua ya 3: Udongo, na pale ambapo desturi inatudanganya

Mchanganyiko: makarai mawili ya kinongo, karai moja la mboji au samadi iliyooza, karai moja la usumba. Changanya pakiwa pakavu, kisha nyunyiza maji, kamata ngumi moja ubinye. Bonge likishikamana na kuvunjika ukiligusa kwa kidole, uko sawa. Likibaki bonge, ongeza usumba. Lisiposhikamana kabisa, ongeza mboji.

Usumba unafanya kazi ya kushika unyevu huku ukiacha hewa ipite. Lakini uangalie ulikotoka. Makumbi yaliyozikwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi. Yaloweke kwenye maji baridi yasiyo ya chumvi, mwaga, rudia mara tatu, ndipo uyatumie. Ni hivyo hivyo kwa mwani kama unautia kwenye mboji.

Mchanga wa ufukweni usiutumie hata kidogo. Una chumvi, na vipande vya makombe ndani yake vinaongeza chokaa.

Kwa walio kwenye uwanda, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe, kama Makunduchi, Jambiani, Paje, Nungwi, au Micheweni kwa upande wa Pemba, msipande chini moja kwa moja. Udongo kati ya mawe ni mchache na una chokaa nyingi. Chokaa hufunga madini ya chuma, majani machanga yanageuka manjano huku mishipa ikibaki ya kijani. Na hapa tunajiumiza wenyewe kwa majivu. Tumezoea kumwaga majivu ya jikoni kwenye kila kilichopandwa, lakini majivu yanasukuma udongo upande ule ule wa chokaa. Kwenye udongo wa uwanda, majivu yaache.

Samadi nayo ina sharti. Kotmiri inaliwa mbichi, kwa hiyo samadi mbichi ni njia ya wazi ya kuleta maradhi ya tumbo nyumbani. Iwe imekaa angalau miezi minne, haina harufu ya zizi, na inavunjika mkononi. Ya kuku ni kali zaidi. Kama ndiyo uliyonayo, iozeshe na utie nusu ya kipimo.

## Hatua ya 4: Mahali

Tafuta pahala panapopata jua kuanzia asubuhi mpaka saa tano hivi, kisha pakawa na kivuli. Upande wa mashariki wa nyumba au wa ukuta ndio wenyewe. Chini ya mwembe hapafai: kivuli ni kizito mno, miche inarefuka na kuanguka.

Kama uwa wote uko wazi, simamisha miti minne na ulaze makuti yaliyochanwa, yenye nafasi ya kupitisha vipande vya jua. Kimo kiwe cha mtu aliyesimama. Makuti yakiwa chini sana hewa haipiti na majani hupata ukungu.

Wakati wa kusi, wenye nyumba za pwani ya mashariki waweke ua wa makuti upande unakotoka upepo. Upepo ule unakausha udongo haraka, na unakuja na chumvi inayounguza ncha za majani.

## Hatua ya 5: Pasua, loweka, panda

Punje moja ya giligilani ina mbegu mbili ndani. Ukiipanda nzima, ganda huchelewesha kuota, na miche miwili hutokea pahala pamoja ikigombania nafasi.

Tandaza punje kwenye meza, ziviringishie chupa juu yake kwa mkono mwepesi mpaka zipasuke nusu kwa nusu. Usizitwange; kinu huponda kiini. Kisha ziloweke kwenye maji ya kawaida usiku kucha. Asubuhi zimwage maji na uzipande siku hiyo hiyo.

Lowesha udongo kwanza. Chora mistari yenye kina cha sentimita moja, mstari na mstari sentimita 10. Tia mbegu, moja kila baada ya sentimita mbili tatu, zifunike kwa udongo mwembamba, gandamiza kidogo kwa kiganja. Kumwagilia baada ya kupanda kuwe kwa kopo lenye matundu madogo, maana ukimwaga kwa kata mbegu zote zitakusanyika pembeni.

Usioteshe kwenye kitalu ukahamishe. Tungule zinakubali, pilipili zinakubali, bilingani linakubali. Kotmiri ukiuvuruga mzizi wake utapona kwa shida na kutoa maua mapema.

Funika chombo kwa wavu siku hiyo hiyo, ukiwa umeinuliwa kwa vijiti. Kuku wanachakura, paka nao wanapenda udongo mpya kwa mambo yao.

Dalili nzuri: kati ya siku ya 7 na ya 14 unaona majani mawili membamba, marefu, yasiyo na meno. Hayo si magugu, usiyang'oe. Majani ya kotmiri yenyewe hutokea baadaye.

## Hatua ya 6: Maji

Kabla ya kumwagilia maji ya kisima, yaonje. Ukihisi chumvi ulimini, kotmiri imeshaihisi zamani. Dalili nyingine ni ncha za majani kuungua kahawia na ukoko mweupe juu ya udongo. Kinga maji ya mvua kwenye madumu, au tumia ya bomba. Maji ya kuoshea mchele yanafaa. Ya kuoshea samaki wa baharini hayafai, yana chumvi na yatakuletea paka wa mtaa mzima.

Kama huna budi kutumia maji yenye chumvi kidogo, mwagilia kwa wingi mpaka yatoke chini, kuliko kidogo kidogo. Kidogo kidogo hukusanya chumvi juu. Mvua ya kwanza ikija, toa vyombo nje vioshwe.

Mwagilia asubuhi mapema, kabla ya saa mbili. Jioni majani hulala yakiwa yamelowa na ukungu huingia. Kipimo ni kidole: chomeka mpaka kiungo cha kwanza. Kukiwa na unyevu, acha. Kukiwa kukavu, mwagilia. Kukausha kabisa halafu kufurikisha ni sababu nyingine kubwa ya kutoa maua kabla ya wakati.

## Hatua ya 7: Punguza miche, lisha kidogo

Miche ikifika kimo cha kidole, punguza ibaki mmoja kila baada ya sentimita tano. Watu huona huruma hapa. Ikate kwa mkasi usawa wa udongo badala ya kung'oa, ili usitingishe mizizi ya jirani, na uile, ina ladha kamili.

Wiki ya tatu, tandaza mboji kiasi cha kiganja kati ya mistari. Kama huna mboji, nusu kijiko cha chai cha urea kwenye lita tano za maji, mara moja tu, kwenye udongo na si juu ya majani. Ukizidisha, utapata majani makubwa ya kijani yasiyonukia, na kotmiri isiyonukia haina faida. Maji ya samadi usimwagie majani utakayokula mabichi.

## Hatua ya 8: Kukata

Kati ya siku ya 35 na ya 45 tangu kupanda, mmea ukiwa na kimo cha sentimita 15 hivi, anza kukata. Kata mabua ya nje, karibu na udongo, uache kitovu cha katikati chenye majani machanga. Usizidishe theluthi moja ya mmea kwa mara moja, kisha upumzishe wiki moja mpaka mbili.

Kata asubuhi. Ya saa saba mchana inanyauka kabla haijafika jikoni. Ioshe vizuri kwa maji safi hata kama ni ya kwako.

Siku utakayoona bua la katikati linapanda kwa kasi na majani mapya yamechanika membamba, mmea umeshaamua. Kukata kichwa kunakupa siku chache tu. Vuna yote, tengeneza chatne ya bajia, uache mimea miwili mitatu kwa mbegu.

## Hatua ya 9: Chombo cha pili kabla cha kwanza hakijaisha

Nyumba inayotaka kotmiri mfululizo haihitaji chombo kikubwa, inahitaji vyombo vitatu vilivyopishana. Panda cha kwanza, baada ya wiki tatu cha pili, baada ya wiki tatu nyingine cha tatu. Cha kwanza kikimaliza, ongeza mboji mpya kwenye udongo wake na uanze tena.

## Ikiharibika njiani

Miche inayolala ikiwa imeoza usawa wa udongo imezidiwa maji au imebanana. Punguza kumwagilia, ongeza hewa. Iliyolala haifufuki, panda upya pembeni.

Majani ya chini yakiwa manjano, kwanza kagua matundu. Mara nyingi yameziba na mizizi inazama. Kama maji yanatoka vizuri, mmea una njaa.

Vidukari hujificha chini ya majani, na sisimizi wakipanda na kushuka ni ishara kwamba wapo. Kijiko cha chai cha sabuni ya maji ndani ya lita moja ya maji, nyunyiza chini ya majani jioni, suuza asubuhi. Rudia baada ya siku tatu. Mwarobaini unawafukuza pia, lakini uchungu wake hubaki kwenye jani, na mimi siutii kwenye kitu cha kachumbari.

Konokono hutoka usiku wa mvua. Waokote kwa taa. Chumvi usiwamwagie ndani ya chombo, kwa sababu unazozijua tayari.

## Kaskazi, na kotmiri ya futari

Miaka hii Ramadhani inaangukia kwenye joto. Ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kwa kutegemea mwezi kuandama, na hapo ndipo kila nyumba inapotaka kotmiri.

Njia ni kupanda ya kung'oa badala ya ya kukata. Panda mbegu kwa wingi, bila kupunguza miche, kwenye chombo kipana. Hapa hata beseni linafaa kwa sababu mmea hautafika umri wa kuhitaji kina. Weka mahali penye kivuli kuanzia saa nne. Mwagilia asubuhi, na ukikuta pamekauka, tena saa kumi jioni. Siku ya 25 mpaka ya 30, ikiwa na kimo cha kiganja, ing'oe yote na mizizi yake. Mmea bado haujapata nafasi ya kufikiria maua.

Kwa futari ya siku za mwanzo, mbegu ziingie udongoni kiasi cha wiki nne kabla ya mwezi, yaani karibu na tarehe 10 Januari kwa mwaka huo. Kisha beseni jingine kila wiki. Vyombo vyako virefu wakati huo vipe mchicha, bamia au mrehani, ambavyo havilalamikii joto.

## Nanaa, kwa sababu biriani haisubiri

Nanaa ni rahisi mno kulinganisha na kotmiri. Nunua fungu, chagua mabua yenye afya, kata chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ya chini, simamisha kwenye glasi ya maji kivulini, badilisha maji kila siku mbili. Mizizi ikifika sentimita tatu, panda. Ipe chombo chake peke yake, kipana. Ukiichanganya na kotmiri itatambaa mpaka imalize nafasi yote. Inapenda unyevu na kivuli cha mchana, na kadiri unavyoikata ndivyo inavyoongeza matawi.

## Mbegu za msimu ujao

Ile mimea miwili mitatu uliyoacha itatoa maua, nyuki watakuja, kisha punje za kijani. Subiri mpaka nyingi ziwe za kahawia. Kata vichwa, vining'inize kichwa chini ndani ya mfuko wa karatasi, kivulini penye upepo, wiki mbili. Mfuko wa plastiki hutoa jasho na mbegu huota kuvu.

Zipukuchue, zitie kwenye chupa kavu yenye kifuniko kinachobana, uandike mwezi na mwaka. Unyevu wa kwetu hauna huruma na mbegu, kwa hiyo zipande ndani ya mwaka mmoja, na ukifika msimu zijaribu tena kwenye kitambaa. Zikizidi mahitaji ya kupanda, kaanga, saga, tia kwenye mchuzi.